Kosa la Elfu, Cheti cha Elfu na Hamsini

Kosa la mpwa wangu lilimgharimu shilingi elfu moja. Cheti cha kumthibitishia kwamba alilitenda kimemgharimu elfu moja na hamsini. Nimeipiga hesabu hiyo kwa vidole, kwa kalamu na kwa simu, na jibu halibadiliki: katika nchi yetu, kukumbushwa kosa ni ghali kuliko kulitenda. Tena ile elfu ya faini alitozwa na hakimu aliyemtazama machoni, akamwonya kwa sauti ya mzazi. Hii elfu na hamsini imekwenda kwa M-Pesa, na aliyeipokea hakusema hata pole.

Najua wapo wasomaji wameshaanza kujiambia kwamba huyo mpwa lazima aliiba kitu. Hakuiba. Wala hakupigana, hakulewa, hakumtukana mtu. Alichelewa kurudi nyumbani.

Mnaikumbuka kafyu ya Korona? Wengine mmeshaisahau, wala hamna lawama, maana hata waliotuwekea wameshaisahau. Ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa Juni ikasogezwa, ikawa inaanza saa tatu usiku. Baadaye ikawa saa tano, ikarudi saa nne, kwa kaunti nyingine ikarudi hadi saa mbili, hata ikawa huwezi kumwalika mgeni chajio bila kusikiliza taarifa ya habari kwanza. Mpaka tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kule Kirinyaga kwamba imekwisha. Watu walishangilia. Nami nilishangilia, peke yangu, sebuleni, na mke wangu akaniuliza sasa usiku nitakuwa nakwenda wapi.

Basi Agosti 2020 mpwa wangu alikuwa akiuza saruji na misumari katika duka la vifaa vya ujenzi Ukunda, na kila jioni akirudi kwao Likoni. Jioni moja matatu aliyopanda ikapata pancha. Jeki ilikuwepo, spana haikuwepo. Spana ikaazimwa, gurudumu la akiba likateremshwa, nalo kumbe halina upepo. Abiria wakashuka, wakatoa ushauri, wakamlaani dereva, wakamlaani na mwenye gari, na kwa jitihada zao zote wakaingia Likoni saa tatu na dakika ishirini. Sheria haikuuliza habari za pancha. Saa tatu kasoro dakika moja kijana wetu alikuwa raia mwema anayemmulikia dereva tochi. Saa tatu na dakika moja alikuwa mhalifu anayemulika tochi ile ile.

Usiku ule alilala seli, katika kituo ambacho sitakitaja kwa kuwa bado napita hapo kwenda sokoni. Walilala wengi kiasi kwamba mtu akitaka kugeuka ubavu lazima apige kura. Walikamatwa, kumbuka, ili wasisongamane.

Asubuhi wakapakwa wino vidole, wakapelekwa mahakamani, wakapangwa mstari. Humo mstarini kila mtu alikuwa ameshanong'onezwa na mwenzake: kubali, ulipe, uende zako. Ukikataa utapangiwa tarehe, utafute mdhamini, urudi mwezi ujao, na shahidi asipofika urudi mwezi mwingine. Karani akawa anasoma mashtaka na wao wanajibu, mmoja baada ya mwingine, "Ni kweli." "Ni kweli." "Ni kweli." Hakuna aliyetaja pancha. Faini elfu moja. Dada yangu akatuma pesa, risiti ikaandikwa, kijana akarudi nyumbani, akaoga, akala, akalala mpaka Alasiri. Tukadhani yameishia hapo.

Yalilala tu. Mwaka juzi kijana akapata nafasi Doha, ya kutunza stoo ya hoteli. Si kazi ya kuvimbia kichwa, lakini mshahara wake ulimfanya dada yangu aanze kuuliza bei ya mabati. Wakala wa ajira akamwambia alete pasipoti, vipimo vya afya na cheti cha tabia njema. Kwa kuwa katika ukoo wetu mjomba ndiye ofisi ya malalamiko, nikaambiwa nimsindikize. Sikuambiwa kwa nini mtu wa miaka ishirini na sita anahitaji kusindikizwa kwenda kuthibitishiwa tabia. Dada yangu alisema tu, "Nenda naye, wakikuona una mvi watamheshimu." Mvi zangu, nawaambia, hazikumheshimisha mtu siku ile.

Kwa wale ambao hawajawahi kuhitaji tabia njema ya maandishi, mambo huenda hivi. Unaingia eCitizen, unaomba, unalipa ile elfu pamoja na hamsini ya mtandao. Unapewa fomu iitwayo C24, unaichapisha, halafu unakwenda nayo Huduma Centre au ofisi ya Idara ya Upelelezi wa Jinai kuchukuliwa alama za vidole. Alama zako zinalinganishwa na za wahalifu. Ukiwa hufanani nao, unapewa cheti kisemacho huna rekodi. Huo ndio utaratibu, na ukiusoma hivi ukiwa umekaa kitini na kikombe cha chai, hauna ubaya wowote.

Ila fomu hiyo lazima ichapishwe karatasi moja, mbele na nyuma. Kijana wa saiba alituchapishia karatasi mbili. Tukapanga foleni, tukafika mbele, afisa akaziinua zile karatasi mbili akazitazama kwa huzuni, akasema, "Mzee, hii haiendi." Nikamwuliza kwani vidole vitakuwa tofauti vikiwa kwenye karatasi mbili. Akasema haiendi. Nikamwambia ninaweza kuzibana kwa gamu. Akamwita aliye nyuma yangu. Tukarudi saiba, na yule kijana akatutoza tena, kwa maelezo kwamba mara ya kwanza hatukusema tunataka ya kwenda na kurudi.

Tuliporudi tukafikia wino. Sijui kama mmewahi kutazama kwa makini mtu akipakwa wino vidole. Kuna kibao cha bati, kuna wino mweusi mzito, na kuna roli ndogo ya mpira inayoutandaza mpaka uwe mwembamba. Afisa anakamata kidole chako kimoja kimoja, anakibiringisha kwenye wino kutoka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili, kisha anakibiringisha vivyo hivyo kwenye kisanduku chake katika fomu. Neno lake ni moja: "Legeza." Na mwanadamu akiambiwa legeza na afisa, hukaza. "Legeza, kijana." Kidole kikazidi kuwa mti. "Legeza nakwambia, mimi ndiye nafanya kazi, wewe umeniazima tu." Nyuma yetu alikuwepo mama mmoja mfua nguo ambaye alama zake zilikataa kutokea kabisa, miaka ya omo na sabuni ya miche imezifuta. Afisa akampaka upya, akamfuta, akampaka tena, na karatasini pakatoka madoa tu. Mama yule akaambiwa akapumzishe mikono arudi baadaye. Akauliza akiipumzisha atakula nini. Mpwa wangu, ambaye vidole vyake vya saruji vilikwishaanza kuchubuka, akanitazama. Nikajua anafikiria nini na nikamkanyaga mguu.

Kufuta ule wino ni juu yako. Palikuwa na tambara moja, nalo kwa weusi wake lilikuwa linapaka badala ya kufuta. Kwenye matatu ya kurudi makanga akaona mikono ya kijana, akapokea nauli kwa ncha za kucha, akauliza, "Ndugu, kwani kuna uchaguzi mdogo wapi? Mbona umepiga kura kwa vidole vyote kumi?"

Cheti kikatoka. Tulikifungua kwenye simu ya dada yangu, sote watatu tumeinama. Mahali ambapo mzazi huomba Mungu aone maneno kwamba mtu huyu hana rekodi, palikuwa na nambari ya kesi, jina la mahakama, kosa na faini. Kila kitu kimeandikwa isipokuwa pancha.

Wakala wa ajira alikisoma akanyamaza. Kisha akaniambia, kwa adabu, "Mzee wangu, mimi naelewa kafyu. Wewe unaelewa kafyu. Lakini yule bwana wa Doha ana maombi mengi mezani. Akiona hatia, haulizi hatia ya nini. Kalifutisheni kwanza, kisha mrudi."

Kalifutisheni! Alilisema kana kwamba kuna dirisha.

Tukaanza kulitafuta hilo dirisha. Katika ofisi ya kwanza, ambayo nayo sitaitaja, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Mnataka kufuta rekodi ya nini?"

"Ya kafyu."

"Kafyu si iliisha?"

"Ndiyo maana tunataka ifutwe."

"Sasa kama iliisha, mnafuta nini?"

Nilikosa jibu, na mpaka leo silijui. Ofisi ya pili wakasema wao kazi yao ni kuhifadhi, hawajapewa kazi ya kufuta. Ofisi ya tatu wakasema kesi ilifungwa siku ile ile faini ilipolipwa, na kesi iliyofungwa haifunguliwi ili ifungwe vizuri zaidi. Kila tulipokwenda walitupokea vizuri, sina la kusema. Tulielekezwa kwa tabasamu kwenda mahali tulikotoka.

Barazani kwetu habari zilikuwa zimeshafika. Baraza letu halina uhaba wa wanasheria. Lina uhaba wa kahawa tu. Mmoja akasema kijana abadilishe jina. Nikamkumbusha kwamba vidole havina jina. Mwingine akashauri mambo ya kuchoma ncha za vidole kwa pasi, ameona kwenye sinema ya Kihindi. Wa tatu akanivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna jamaa yuko ndani, anaijua kompyuta yenyewe, na kwa elfu kumi na tano rekodi inapotea usiku mmoja. Nikakaa nikalifikiria kwa dakika nzima, maana mimi ni mwanadamu. Halafu nikakumbuka kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inaruhusu mtoa hongo afungwe hadi miaka kumi. Yaani tufute kosa la dakika ishirini kwa kutenda kosa la miaka kumi, na hilo nalo baadaye tutafute jamaa wa kulifuta.

Mzee mmoja hapo barazani alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye alikamatwa zamani za Rais Moi, akiwa kijana ametoka Kilifi kutafuta kazi mjini, kwa kosa la uzururaji. Kosa lenyewe lilikuwa kwamba hana kazi, na alikuwa amekamatwa akienda kuitafuta. Sheria ya Uzururaji ilifutwa mwaka 1997. "Sheria imekufa, wameizika," akasema, "na mimi bado nina kesi yake. Nilipofika miaka sitini nikaacha kuogopa, maana nani ataniajiri?" Wenzetu walicheka. Mpwa wangu hakucheka. Ana miaka thelathini na minne ya kungoja.

Mwisho tukaenda kwa wakili, shemeji wa shemeji yangu, mtu mwungwana aliyekubali kutusikiliza kwa bei ya chapati na maharagwe. Huyu ndiye aliyenifungua macho, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Rufaa, akasema, ilikuwa na siku 14, nazo zilipita wakati kijana anashukuru Mungu kwamba yamekwisha. Tena aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kuipinga hatia yenyewe. Anaweza kulalamikia adhabu tu, uzito wake au uhalali wake. Na adhabu ya elfu moja, nani aende nayo mbele ya jaji? Mahakama Kuu inaweza kuitisha faili na kuyapitia yaliyofanywa na mahakama ya chini, sawa, lakini hapo lazima uonyeshe palikosewa nini, na gharama za kuonyesha zitanunua matatu mpya yenye spana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inakupa haki ya kudai taarifa zako zisahihishwe kama ni za uongo au zimepitwa na wakati. Nikaruka kwenye kiti. Zimepitwa! Wakili akanikalisha. Akasema watakujibu kwamba ni kweli alihukumiwa, na kweli haipitwi na wakati. Tunaweza kubishana nao, akasema, lakini tuagize chapati nyingine.

"Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kumsamehe?"

"Yupo," akasema. "Rais."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Kifungu cha 133 cha Katiba kinampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia, baada ya mtu kuleta ombi, na kwa ushauri wa kamati. Na kamati yenyewe si ya mtaa. Ndani yake yumo Mwanasheria Mkuu, yumo Waziri anayesimamia magereza, na wajumbe wengine wasiopungua watano. Nilirudi nyumbani nikajaribu kuliandika hilo ombi. "Mheshimiwa Rais, Amiri Jeshi Mkuu, naomba umsamehe mpwa wangu kwa ajili ya gurudumu la akiba ambalo halikuwa na upepo." Nikawaza Mwanasheria Mkuu amevaa miwani, amelifungua faili, anamgeukia Waziri amwulize kama ile spana ilipatikana hatimaye. Nilivyoiwaza mimi, kamati ile ni ya watu waliohukumiwa kunyongwa na kufungwa maisha. Sisi tungeingia hapo na faini ambayo haitoshi hata kuwanunulia wajumbe maji ya kunywa. Nikaikunja karatasi.

Kilichoniuma zaidi ni neno alilolitupa wakili tukiwa tunanawa mikono. Sheria ya Probesheni, akasema, inamruhusu hakimu, hata kosa likishathibitika, amweke mtu chini ya uangalizi bila kumtia hatiani. Yaani palikuwa na mlango, tena mpana, asubuhi ile ile. Ila katika mstari ule wa watu wenye usingizi na njaa hapakuwa na wa kuubisha. Hapakuwa na wakili wa faini ya elfu moja.

Sasa niruhusuni niwe mchoyo kidogo, niangalie sahani za wengine. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 99, inasema mtu mwenye kifungo cha angalau miezi sita hafai kuchaguliwa kuwa mbunge. Vizuri. Kisha ikaongeza kwamba hazuiwi mpaka njia zote za rufaa na mapitio ziwe zimekwisha. Mwenye pesa za mawakili anaweza kukata rufaa, akaenda mbele, akarudi, akaapishwa, akastaafu, na rufaa bado inatajwa. Na anapokwenda kugombea, kuhusu maadili yake anajaza fomu ya kujieleza yeye mwenyewe kwamba ni mtu mwema, akatia saini. Mtunga sheria anajithibitishia tabia kwa kalamu yake. Mtunza stoo anathibitishiwa kwa vidole kumi. Nani anatunza vitu vya thamani zaidi?

Nenda mbali kidogo. Boris Johnson, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alivunja masharti ya Korona aliyoyatangaza yeye, kwa mkusanyiko wa siku yake ya kuzaliwa, Juni 2020, ndani ya ofisi yake ya serikali. Aprili 2022 polisi wa London wakamtoza faini ya pauni 50. Akalipa. Faini ya namna ile kule ukiilipa haiingii katika rekodi ya jinai. Na hata raia wa kawaida akitozwa faini mahakamani, sheria yao ya mwaka 1974, baada ya kurekebishwa, inasema mwaka mmoja ukipita bila kosa jingine, kwa kazi nyingi hana haja ya kuitaja tena. Boris alilipa, yakaisha. Wetu alilipa, yakaanza.

Wala tusiseme hayo ni ya Wazungu. Afrika Kusini, aliyetozwa faini isiyozidi randi 20,000 anaweza, baada ya miaka kumi, kuomba rekodi yake ifutwe. Miaka kumi ni mingi, lakini ni hesabu yenye mwisho. Na kwa makosa ya Korona wao walikaa wakalifikiria jambo hili hili linalonikera mimi: mwaka 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria iliyofungua njia ya kufutwa kwa rekodi za watu waliovunja masharti ya wakati ule. Walijiuliza kama wanataka nchi iliyojaa wahalifu wa kununua sigara na kutembea jioni, wakaona hapana. Sisi hatukujiuliza. Sheria ya jumla ya kuondoa kosa dogo katika rekodi baada ya muda hatuna. Doa la bibo kwenye kanzu nyeupe, mama zetu walituambia, halitoki. Lakini hata bibo halikuhitaji ulipe elfu na hamsini ili uonyeshwe lilipo.

Na hapo ndipo hasira yangu inapochemka. Cheti chenyewe, baada ya mwaka mmoja, kinahesabika kimekwisha muda wake. Ukitaka kingine, unalipa upya, unapakwa wino upya, unaambiwa legeza upya. Serikali haiamini kwamba tabia njema inaweza kudumu zaidi ya miezi kumi na miwili. Tabia mbaya, hiyo inaiamini daima dumu.

Msinielewe vibaya. Sitaki mwizi wa mifugo, mbakaji au mtu aliyetafuna pesa za hospitali aoshwe rekodi yake kwa maji ya waridi. Hao waandikwe, wino uongezwe. Wala sina ugomvi na cheti. Mimi mwenyewe mtu akija kutaka kulea wajukuu zangu au kuendesha basi lao la shule, nitataka kukiona. Ugomvi wangu ni kwamba karatasi ile haijui kutofautisha. Aliyechelewa na aliyechinja wanaandikwa kwa mwandiko mmoja, mahali pamoja, na mwenye kuajiri yuko Doha, ana haraka.

Nafasi ya stoo ilikwenda kwa mtu mwingine. Simlaumu, pengine matatu yake ilikuwa na spana. Mpwa wangu yupo Likoni, anauza saruji kwa mwajiri ambaye hakuomba cheti, alimtazama tu akibeba mfuko. Dada yangu haulizi tena bei ya mabati.

Waheshimiwa wabunge, nawaombeni mswada, na hauna haja ya kuwa mrefu. Aliyetozwa faini ndogo kwa kosa dogo, akakaa miaka mitatu bila jingine, kosa lake lifutwe lenyewe, pasipo ombi, pasipo kamati, pasipo wino. Na makosa ya kafyu yafutwe yote kwa mkupuo, leo, kwa sababu kafyu yenyewe ilifutwa kwa shangwe. Mkiona kazi ni nyingi, nipigieni simu, rasimu ninayo.

Nawe msomaji, kijana wako akifikishwa mbele ya hakimu kwa jambo la namna hii, usikimbilie kutuma pesa ya faini ukadhani umemwokoa. Mtafutie mtu wa kusimama naye, au mfundishe aseme mwenyewe kabla hajahukumiwa: aeleze kilichotokea, pancha na yote, kisha amwombe hakimu amweke chini ya probesheni bila kumtia hatiani. Anaweza kukataliwa. Lakini kuomba hakulipiwi, hata ile hamsini.